Nani Aliwauliza Waogiek?

Tangazo la Molo la mwaka 2023, la kuondoa marufuku ya kukata miti, mmelisikia. Miti iliyokomaa ikatwe, vijana wapate kazi. Kazi hatuipuuzi. Elburgon ni mji ulioishi kwa mbao, na marufuku hiyo, iliyoanza Februari 2018, iliwaacha wengi bila riziki. Tuliambiwa pia kwamba misumeno itaingia kwenye misitu ya kupandwa tu, na msitu wa asili hautaguswa. Tungependa kuamini hivyo.

Lakini tumesikia hesabu ya mbao, hesabu ya ajira, hesabu ya mapato. Hesabu ya maji hatujaisikia. Mto Mara unatoka msitu wa Mau. Sondu unatoka Mau. Njoro unaoingia Ziwa Nakuru, na Molo unaokwenda Baringo, yote ni Mau. Nyumbu wa Maasai Mara wanakunywa Mau, mkulima wa chai wa Kericho anavuna mvua ya Mau, na umeme wa Sondu Miriu unazalishwa kwa maji ya Mau.

Na nani aliwauliza Waogiek?

Hawa wameishi na msitu huu vizazi na vizazi, wakitundika mizinga mitini, wakijua ni maua ya mti gani huleta asali gani, na msimu gani. Kwao mti una thamani ukiwa umesimama; ukianguka, asali imeanguka nao. Serikali iliwatimua mara kwa mara ikisema inaokoa msitu. Wakaenda mahakamani Arusha. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema uhifadhi hauwi sababu ya kuwafukuza, na kwamba si wao walioumaliza msitu. Juni 2022 ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 na warudishiwe ardhi ya mababu zao. Miaka imepita. Fidia iko wapi? Ardhi iko wapi?

Mwenye mzinga alifukuzwa kwa jina la msitu. Mwenye msumeno anakaribishwa kwa jina la ajira.

Tumezoea kuutazama msitu kama ghala: likijaa, toa, likipungua, jaza miche. Ahadi ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032 ni njema, nasi tutapanda. Ila miche iliyopangwa kwa mistari haileti nyuki wala chemchemi kwa mwaka mmoja, wala kwa kumi. Kule Pwani, wazee wa Mijikenda hawakungoja waraka wa wizara. Mti wa kaya, msitu wao mtakatifu, haukatwi, basi. Ndiyo maana makaya yale yalikuwa bado yamesimama UNESCO ilipoyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Waliishi na msitu kama watu wanaoishi na mzee wao, kwa heshima na kwa woga kidogo.

Na Mau? Nani aliwauliza Waogiek?

Wasikilizaji wa Nakuru, Narok, Kericho na Bomet, msikae kimya! Lori la magogo likipita usiku, ulizeni limebeba mti gani, kwa kibali cha nani. Mbaneni mbunge. Mbaneni chifu. Wenye viwanda nao, dai lenu la kazi ni halali, lakini daini pia mpaka wa ukataji uwekwe alama mnayoiona kwa macho. Na kabla mti mwingine haujaangushwa Mau, Waogiek waitwe. Waulizwe msumeno usifike wapi. Walipwe, warudishiwe ardhi yao. Hukumu serikali inayo tangu mwaka 2022. Ianze kuitekeleza wiki hii.