Mgonjwa Anapomwinua Mganga: Imani na Ukuaji katika Kazi ya Afya

Ndugu wauguzi, wakunga na waganga wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, hapa Maniema,

Tukizungumzia imani katika kazi yetu, huwa tunaanza na kile tunachompa mgonjwa: huruma, uvumilivu, sala kabla ya upasuaji. Leo nataka tutazame kile anachotupa yeye. Naamini hapo ndipo mhudumu hukomaa.

Mfano nauchukua kwa jirani zetu wa Kivu Kusini. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mdogo alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamuuliza mbona anaomba tu, hatoi dawa. Baba akamjibu kwamba yeye si mganga. Kijana akakata shauri: mzee ataomba, yeye atatibu.

Njia hiyo ilikuwa na machungu. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, alikofanya kazi, ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, akikusudia hasa uzazi salama. Wakamjia wanawake waliobakwa, wameumizwa vibaya sehemu za uzazi. Upasuaji uliwaponya wengi, lakini mwanamke aliyeponywa alirudi kijijini bila mume, bila riziki, bila haki. Ndipo Panzi ikaongeza ushauri wa kutuliza moyo, msaada wa sheria na mafunzo ya kujitegemea. Waliofundisha somo hilo ni wagonjwa wenyewe.

Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake, mlinzi wake akauawa, naye akakimbilia ng'ambo na jamaa yake. Wanawake wa kisiwa cha Ijwi, maskini kabisa, wakauza mananasi na vitunguu ili wamkatie tiketi ya ndege. Januari 2013 akarudi. Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2018 dunia nzima inaijua. Mimi tiketi ile hunigusa zaidi, maana mganga alikubali kubebwa na wale aliowabeba.

Sasa tujitazame. Mtu anayevuka Lualaba kwa mtumbwi usiku na mkewe mwenye uchungu, awe Muislamu au Mkristo, maana Maniema hii ni yetu sote, ametuamini kabla hatujavaa hata glavu. Imani hiyo tunaipokeaje siku ambayo malipo hayajafika na dawa zimekwisha? Wengi wetu humpokea kwa ukali, kisha Ijumaa au Jumapili tunamwomba Mungu nguvu. Nguvu ilishaletwa na ule mtumbwi.

Napendekeza jambo moja. Asubuhi, baada ya ripoti ya zamu, katika kila kituo tuulizane: usiku huu mgonjwa amekufundisha nini? Jina la mgonjwa lisitajwe. Na wa kwanza kujibu awe mganga mkuu mwenyewe, ili muuguzi mdogo asiogope kusema lake.