Mashine Haisomi Picha

Tangazo umelisikia, msikilizaji. Hospitali za kaunti zitaletewa mashine mpya za picha, MRI zikiwemo, na malipo yatatolewa kwa kila mgonjwa anayepigwa picha. Makofi yamepigwa. Sisi tunauliza: nani atazisoma hizo picha?

Chukua ugonjwa mmoja tu, maltipo sklerosisi, au MS. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo. Wanawake ndio huupata zaidi, wengi kati ya miaka 20 na 40. Jicho linafifia, mguu unakufa ganzi, nafuu inakuja, maradhi yanarudi. Mgonjwa wa Lodwar au Kapenguria ataambiwa leo malaria, kesho presha, kesho kutwa amerogwa, mpaka afikishwe Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret. Tunaambiwa MS ni ugonjwa wa Wazungu. Nani kaangalia?

Kwingine watafiti wamekwenda mbali. Kwa MRI hiyohiyo, ikiongezewa programu maalumu, wanapima kemia ya ubongo. Kemikali iitwayo NAA ikipungua, wanajua neva zinaumia, hata pale picha ya kawaida inapoonekana safi. Lakini mashine haisomi picha. Anayesoma ni mtaalamu wa radiolojia, na anayeamua tiba ni daktari wa neva.

Haya si mageni. Mwaka 2015 kaunti ziliingizwa katika mpango wa vifaa vya hospitali vya kukodi. Mwaka 2020 kamati ya Seneti ikaeleza jinsi vingine vilivyokaa bila kazi: hapa hakuna wataalamu, pale hakuna umeme. Vifaa vilikuja, wataalamu hawakuja, na kodi ikalipwa. Sasa vifaa vinakuja tena. Wataalamu je? Mashine haisomi picha!

Magavana wa Kaskazini mwa Bonde la Ufa, sikieni: kila mashine ije na ajira ya mtu wa kuisoma na fundi wa kuitengeneza. Wabunge, Chuo Kikuu cha Moi kinafundisha madaktari papa hapa mjini. Tengeni pesa kisomeshe mabingwa wa neva. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, lipeni hospitali kwa wakati. Nawe msikilizaji, siku bajeti ya kaunti itakapoletwa mbele ya wananchi, nenda! Simama, uliza nani atasoma picha, na usikubali kuketi kabla hujajibiwa.