Dhahabu ya Kakamega na Ahadi ya Black Hills



Yako mambo mawili yaliyotokea mbali mbali, moja Marekani na moja hapa Kakamega, ambayo yakiwekwa pamoja hueleza vema kwa nini mashauri ya ardhi na madini huwatia watu hofu hata leo.

La kwanza ni hili. Mwaka 1868 Serikali ya Marekani ilifanya mapatano na Wasioux, wenyeji wa asili wa nchi ile. Milima iitwayo Black Hills iliachwa mikononi mwao, na ikaandikwa kwamba hakuna sehemu ya ardhi yao itakayotolewa ila kwa sahihi za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1874 askari walioongozwa na George Custer waliona dhahabu katika milima hiyo, na wachimbaji wakamiminika kama siafu. Mwaka 1877 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuitwaa milima, ingawa waliotia sahihi walikuwa kama mtu mmoja tu katika kila kumi.

La pili ni la hapa. Mwaka 1930 ilitungwa sheria ya kulinda ardhi za Waafrika wa Kenya. Ilisema kwamba ardhi ikitolewa katika rizavu, wenyeji watapewa nyingine ya thamani ile ile, na Baraza lao litashauriwa kwanza. Mwaka uliofuata Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, mlowezi wa upande wa Turbo, alivumbua dhahabu karibu na Kakamega. Wazungu wengi wakaja na mahema na sururu zao. Ilipofika Desemba 1932, sheria ile iligeuzwa: mahali palipotakiwa kwa madini, mwenyeji aliweza kulipwa fedha badala ya ardhi, na Baraza halikuwa lazima liulizwe. Ahadi ile ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Hata Uingereza wako waliochukizwa, na shauri hilo likajadiliwa Bungeni mwaka 1933.

Haifai kusema kwamba mambo hayo mawili yalikuwa sawa kabisa. Wasioux walinyang'anywa milima yote, lakini wenyeji wa Kakamega hawakuhamishwa wote, na mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Jina lake limebaki kuwa jina la mtaa. Lakini mzizi ulikuwa mmoja: sharti la kuuliza wenyeji liliheshimiwa maadamu ardhi ilidhaniwa kuwa ya kulima tu, likawa kikwazo siku ile dhahabu ilipoonekana.

Na tena, shauri la namna hii haliishi upesi. Mwaka 1980, miaka zaidi ya mia moja baada ya kutwaliwa Black Hills, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kwamba Wasioux walistahili kulipwa, na malipo pamoja na riba yakapita dola milioni 100. Wasioux walikataa kuzipokea. Walisema kwamba hawakuiuza milima, kwa hiyo hawana bei ya kupokea.

Kenya ya leo ina ulinzi ambao wazee wa mwaka 1932 hawakuwa nao. Katiba ya mwaka 2010 yaamuru fidia ya haki, ilipwe yote na kwa haraka, ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma. Nayo Katiba haibadilishwi kwa urahisi kama sheria ile ya 1930. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yagawa mrabaha hivi: sehemu 70 katika mia kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa Kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali penye mgodi.

Ulinzi huo sasa wapimwa. Mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua haki za kutafuta dhahabu katika magharibi ya Kenya, na kazi yake ya Isulu na Bushiangala, huko Ikolomani, imezusha swali la watu kuhama mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Mwenye kutaka dhahabu hiyo asistaajabu akiona watu wasita. Wanakumbuka. Wala asidhani kwamba wingi wa fedha pekee utawatuliza, kwani Black Hills imekwisha onyesha kwamba mtu asiyeulizwa kwanza aweza kuyakataa hata mamilioni baadaye.

Ahadi ni deni, na deni la ardhi hurithiwa na wajukuu.