Kwa Nini Biashara Zetu Ndogo Hazikui
(Maneno ya Kamati mbele ya mkutano wa wanachama)



Wapo wanaosema biashara zetu ndogo hazikui kwa sababu ya uvivu. Hilo tunalikataa. Mama anayeamka saa tisa usiku kwenda mwaloni Mugango, jua likichomoza yuko barabarani na ndoo kichwani, huyo si mvivu.

Tuitazame hiyo dagaa yenyewe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hutaka giza. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inakaa. Kila mwezi basi kuna siku kadhaa mchuuzi hana cha kununua, lakini watoto wanakula kila siku! Hapo ndipo mtaji unapoliwa. Giza likirudi mama anakwenda kukopa, na anayekopesha upesi ni yule wa kausha damu. Tuseme kachukua shilingi 100,000, arudishe 130,000 baada ya mwezi. Ile 30,000 ndiyo ilikuwa faida yake. Kafanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya mtu mwingine. Zamani tuliita unyonyaji, na jina halijachakaa.

Tena kuna mchanga. Dagaa ya kuanikwa chini, mvua ikiinyeshea, mlanguzi anaipima kwa bei ya chakula cha kuku. Ya kichanjani inakauka safi, inafika Musoma na Bunda ikaliwa na watu. Kichanja kinataka fito na nyavu, na mtu mmoja peke yake hakiwezi.

Wengine mmetuuliza, Serikali je? Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvukazi, na wachuuzi wa mijini walikamatwa kama wazururaji. Tumetoka mbali. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka. Vilipunguza kufukuzana sokoni, lakini kitambulisho si mtaji, jamani. Mtaji uko kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa akina mama, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudishwa 2024. Kwa akina mama na vijana, haipewi mtu mmoja mmoja anayekuja na shida zake. Inataka kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti benki. Sisi tunao wachuuzi wengi, kikundi hatuna hata kimoja.

Na madeni ya majirani, hayo mnayajua. “Niandikie, nitalipa kesho.” Kesho yenyewe ni ya mwaka gani?

Kamati inapendekeza hivi. Wachuuzi wa dagaa waunde kikundi, wajenge vichanja vya pamoja, na kila siku ya giza kila mmoja aweke kidogo sandukuni, kiwe cha kula siku za mbalamwezi ili mtaji usiguswe. Funguo za sanduku zishikwe na watu watatu. Fito tunazo. Nyavu kuukuu tutawaomba wavuvi. Kinachokosekana ni uwanja, na tunaiomba Serikali ya kijiji itujibu mkutano ujao.

Majina apelekewe Katibu kabla ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Asiyejua kuandika aje tu, ataandikiwa.