Sala Mbili Mpakani

Sisi Wakuria tumegawanywa na mpaka: huku Kenya, kule Tarime Tanzania. Je, mtoto avukaye kwenda kwa mjomba wake akiuimba wimbo wa taifa wa huko, ameikana nchi yake? Nyimbo zote mbili ni sala. Ule wa Kenya wa mwaka 1963, wenye sauti ya bembelezi la Wapokomo, humwomba Mungu aibariki nchi, kisha huwahimiza raia kuitumikia. Wa Tanzania, ambao sauti yake aliitunga Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, huiombea Afrika nzima kwanza. Hapo, naona, jirani zetu wametushinda. Wala haumtaji mmoja wao Yesu wala Mtume Muhammad. Mungu tu, ambaye hata mzee mshika mila humtamka bila kusita.