Idi Ikipita, Je?



Kila Ramadhan klabu zetu za huduma hufanya kazi ya kusifika. Tunachanga, tunanunua unga, mchele, tende na mafuta, tunapeleka nyumba kwa nyumba. Allah atutakabalie. Lakini hebu ndugu msomaji tuulizane: Idi ikipita, nyumba zile zinakula nini? Ile miezi kumi na moja nayo ni ya nani?

Kutafuta jawabu sikupeleki mbali. Twende Gazi, Kwale, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Miaka ya 1970 mikoko ya pale ilifyekwa kwa kuni za viwandani, sehemu nyingine pakabaki tope tupu. Mwaka 1991 watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, walianza kuirudishia miti. Na mkoko si mti wa kudharau. Samaki wachanga hujificha mizizini mwake, ufuo haumomonyoki ovyo, na tope lake huhifadhi kaboni ambayo ingepanda hewani na kuzidisha joto duniani.

Biashara ikazaliwa hapo hapo. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi wa Mikoko Pamoja, kulinda hekta 117. Wataalamu walikadiria faida yake kuwa kama tani 3,000 za kaboni dioksaidi kwa mwaka. Kila tani ina cheti, na vyeti huuzwa kwa watu na makampuni wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Yaani mti unauzwa ungali umesimama! Mkata boriti huuza mti mara moja, aliyeuacha huuza kila mwaka.

Pesa zenyewe si nyingi. Mwanzoni zilikuwa kama dola 12,000 za Kimarekani kwa mwaka. Lakini tazama zilikokwenda: maji kijijini, vitabu na ukarabati wa shule. Wanakijiji wenyewe hukaa wakaamua, na kamati yao ikatekeleza. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wao.

Tusidanganyane, mitihani ipo. Wanunuzi wako mbali na bei haipangwi Gazi. Tena mtu anayehitaji fito za kujengea hatoshelezwi kwa kuambiwa "usikate". Ndiyo maana mradi hupanda mivinje, kuni na nguzo zipatikane kwingine.

Basi klabu yetu ijifunze nini? Kwanza, kabla ya kutoa, tuulize watu wana nini mkononi. Gazi walikuwa na mikoko. Mtaani kwetu yuko mama anayejua mahamri lakini hana sufuria kubwa, yuko kijana fundi asiye na vifaa. Pili, hesabu iwe wazi, kila mtu aione. Tatu, tumfikirie atakayepoteza riziki kwa jambo letu jema, tumpe njia nyingine.

Asinielewe mtu vibaya, futari iendelee. Mwenye njaa leo hawezi kungoja mche ukue. Tena pesa iliyotolewa kwa nia ya futari ni amana ya futari, haiguswi. Ninachopendekeza ni sanduku la pili, la mtaji, lichangwe kando na lisomewe hesabu mbele ya wote. Mwaka huu tuanze na nyumba moja tu. Ramadhan ijayo tukirudi mlangoni pale, tuombe dua ya kukuta nyumba hiyo haimo tena katika orodha ya wapokeaji, imo katika orodha ya wachangaji.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakumfukuza mgeni kwa maneno hayo. Ukimpa mtu jembe umemhesabu kuwa mwenzako shambani.

Wabillahi tawfiq.