Mama, Angalia Nyuma ya Mfuko wa Unga

Mama mpenzi, nawe baba unayesoma haya, leo sitasema habari ya sindano. Tuingie jikoni kwako. Sogeza ule mfuko wa unga ya mihogo unaoegemea ukuta, uangalie nyuma yake. Unaona madoa meusi? Unasikia harufu ya udongo uliolowa? Ile ni kuvu. Na kama mfuko wenyewe umelowa chini, pengine kuvu imekwisha kuingia katika chakula.

Hapa Nguba maji yanatuingilia kwa njia mbili. Ya kwanza ni mlima. Wengi wetu tulichimba mteremko ili tupate pahali pa kujenga, na ukuta wa nyuma, mara nyingi ule wa jikoni, unagusa udongo. Mvua inaanza Septemba mpaka Mei. Udongo unashika maji, ukuta unayanywa. Njia ya pili ni sufuria. Bukavu iko juu, karibu meta 1,500, na maji huchemka kwa digrii 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharagi yanakawia kuiva. Saa tatu za mvuke! Kama dirisha limefungwa kwa kuogopa baridi ao wezi, mvuke ule utaenda wapi? Unapanda kwenye manjanja, unakuwa maji, unashuka kwa ukuta.

Mimi mwenyewe, mwalimu wa wauguzi, nilikosea. Mwaka mmoja nilipaka rangi juu ya madoa kabla ya Krismasi. Wageni walisifu. Kufika Pasaka yalikuwa yamerudi, makubwa kuliko zamani.

Basi anza na maji. Chimba mfereji nyuma ya ukuta, ushuke chini kuliko sakafu, na uelekee pahali ambapo maji hayatamwangukia jirani wa chini. (Magomvi ya namna hiyo tunayajua!) Funika sufuria. Fungua dirisha ukipika, hata mvua ikinyesha. Kama hakuna dirisha, baba atoe matofali mawili karibu na paa. Lakini usiwashe mbabula na kufunga mlango ili ukuta ukauke. Hewa mbaya ya makala haionekani, nayo inaua watu wakiwa wamelala.

Kisha sugua ukuta kwa brosi na maji ya sabuni. Usikwangue kuvu kavu, vumbi lake linaingia kifuani. Mtoto mwenye asma akae nje. Javel? Inafaa kwa ukuta mgumu, ikiwa imetiwa maji. Usiichanganye na siki wala dawa ya choo, itatoa hewa ya sumu.

Sasa chakula, na hapo ndipo mama wengi wananikatalia. Karanga ao mahindi yenye kuvu wanayaosha, wanayakaanga. "Madame, moto unaua yote." Ndiyo, moto unaua kuvu. Lakini kuvu nyingine huacha sumu, jina lake aflatoksini, ambayo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Hauioni, wala hauisikii ulimini. Kidogo kidogo, miaka mingi, inaharibu ini na inaweza kuleta kansa, zaidi kwa mwenye virusi vya hepatiti B. Ikiwa nyingi, inaua upesi: nchini Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi yaliyowekwa bila kukauka vizuri.

Kutupa karanga kunauma, najua. Na mimi ninanunua sokoni. Lakini sombe bila karanga inalika. Usiwape kuku zile mbovu, wala usimuuzie mwenzako.

Siku nyingine nunua kidogo. Weka unga juu ya mbao, mbali na ukuta, mkono upite katikati. Na jua likitoka leo, anza na ule mfuko: utoe nje, uufungue, uangalie mpaka chini.